Risasi ya Kuokoa na Risasi ya Kulipiza

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



Ndugu wapendwa, wazee wa jumuiya, akina mama, makatekista na vijana mliotumwa na parokia zenu: nimepewa mada ambayo sikuiomba. Nilipoombwa na Tume nizungumzie matumizi ya silaha za polisi pale watu wanapotekwa nyara, jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba hilo ni jambo la makamanda, si la watu wa kanisani. Kisha nikakumbuka jioni moja katika jumuiya yetu.

Tulikuwa tumemaliza sala, chai inamiminwa, na redio imewashwa kwa ajili ya taarifa ya habari. Ikatangazwa kwamba majambazi waliokuwa wamejifungia ndani ya nyumba moja pamoja na familia ya mwenye nyumba wameuawa wote na polisi. Tukapiga makofi. Nami nilipiga. Mzee mmoja akasema, "Wamepata walichokitafuta." Ndipo nyanya mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza, "Na wale watoto wa nyumba ile, wametoka wazima?" Hakuna aliyejua. Labda mtangazaji hakusema; labda alisema, nasi hatukusikia kwa kelele za makofi yetu.

Swali la nyanya huyo ndilo lililonifanya nikubali mada hii.

Kumteka mtu nyara ni kumshika na kutishia kumwua, kumjeruhi au kuendelea kumzuilia, ili mtu wa tatu, mara nyingi serikali, alazimike kutenda jambo au kuacha kulitenda. Hivyo ndivyo kosa hili linavyoelezwa na mkataba wa kimataifa uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 1979. Tazameni ubaya wake ulipo. Mara nyingi mateka hana ugomvi wowote na mtekaji. Uhai wake umegeuzwa kuwa fedha ya kununulia kitu kingine. Sasa askari akifika mahali hapo na kufyatua risasi bila kujali itampata nani, naye atakuwa amemhesabu mateka kama gharama ya kazi. Mtu huyo atakuwa ameuzwa mara mbili kwa siku moja.

Kanisa halifundishi kwamba askari asitumie silaha kamwe. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika katika karne ya 13 kwamba tendo la kujilinda laweza kuwa na matokeo mawili, yaani kuokoka kwa anayeshambuliwa na kifo cha anayeshambulia, na kwamba linalokusudiwa sharti liwe lile la kwanza, tena nguvu inayotumika isizidi kiasi kinachohitajika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafuata njia hiyo hiyo, na kwa yule aliyekabidhiwa uhai wa wengine yasema kwamba kuwalinda si haki tu bali ni wajibu mzito. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae. Basi askari aliye mbele ya mtu aliyeweka kisu shingoni mwa mtoto hafanyi dhambi akimzuia kwa njia pekee iliyobaki. Nayasema haya mapema ili mtu asirudi nyumbani akitangaza kwamba Tume inawatetea majambazi. Shutuma hiyo tumeizoea.

Sheria nayo haiko mbali na mafundisho haya. Mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika Havana, Umoja wa Mataifa uliweka kanuni za msingi juu ya matumizi ya nguvu na silaha kwa maofisa wa kusimamia sheria. Kanuni ya 9 huruhusu kuua kwa kukusudia pale tu ambapo jambo hilo haliepukiki kabisa ili uhai ulindwe. Si ili mali ilindwe. Si ili heshima ya serikali ilindwe. Wala si ili shughuli imalizike kabla ya giza kuingia. Kanuni hizo hutaka pia kwamba aliyejeruhiwa, awe nani, apewe msaada wa matibabu mapema iwezekanavyo, na jamaa zake wajulishwe. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yalinda haki ya uhai katika kifungu cha 26, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 yaeleza ni lini askari aweza kutumia bunduki. Vilevile ipo Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, tunayoijua kwa jina la IPOA, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchunguza vifo vilivyosababishwa na polisi.

Katika hayo yote mnaweza kuona kwamba ruhusa ya kuua huzaliwa pamoja na hatari, na hatari ikiisha, ruhusa nayo imekwisha. Kulisema jambo hili ni rahisi. Ili tuone ugumu wake nitawapeleka mbali, hadi Lima, mji mkuu wa Peru, ambako Kanisa lenyewe lilikuwamo ndani ya mkasa.

Usiku wa tarehe 17 Desemba 1996 balozi wa Japani alikuwa amewaalika mamia ya wageni nyumbani kwake kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Kaizari wa nchi yake. Wapiganaji 14 wa kundi la MRTA, wakiongozwa na Néstor Cerpa Cartolini, waliivamia nyumba hiyo na kuwashika wote. Walidai wenzao waliokuwa magerezani waachiliwe. Rais Alberto Fujimori alikataa. Wanawake waliachiliwa mapema, wengine wakafuata makundi kwa makundi, hata wakabaki mateka 72: mawaziri, majaji, maofisa wa jeshi, wanabalozi, wafanyabiashara.

Mazungumzo yaliendelea kwa miezi minne. Waliokwenda na kurudi kati ya pande mbili walikuwa Juan Luis Cipriani, Askofu Mkuu wa Ayacucho wakati ule, Michel Minnig wa Msalaba Mwekundu, na balozi wa Canada ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioshikwa na kuachiliwa. Mateka walipata chakula, dawa, barua kutoka nyumbani, na Misa. Wakati huo huo wachimba migodi walikuwa wakichimba mahandaki kuelekea chini ya nyumba, na muziki ukipigwa kwa sauti kubwa nje ili milio ya uchimbaji isisikike ndani.

Alasiri ya tarehe 22 Aprili 1997, baada ya siku 126, baadhi ya watekaji walikuwa wakicheza mpira katika ukumbi wa chini. Milipuko ikapasua sakafu. Makomando wakaingia kutoka pande kadhaa. Kati ya mateka 72, walitoka hai 71. Jaji mmoja wa Mahakama ya Juu alikufa kutokana na majeraha. Maofisa wawili wa jeshi walipoteza maisha. Watekaji wote 14 waliuawa.

Ndugu zangu, kazi ile ya kuokoa ilisifiwa ulimwengu mzima, nami sioni sababu ya kuwanyima sifa wale walioingia ndani ya moshi ule. Watu 71 walirudi kwa watoto wao. Maofisa wawili hawakurudi. Kama ningekuwa na ndugu mle ndani, ningewabusu mikono makomando hao.

Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati ya 14 aliyetoka hai. Katika mapigano ya chumba kwa chumba jambo hilo lawezekana. Lakini hesabu ya namna hiyo yapasa kumfanya mtu mwenye dhamiri aulize. Swali lilikuja kutoka mahali ambapo wengi hawakutazamia, kwa mmoja wa mateka wenyewe. Mwaka 2001, Fujimori akiwa ameshaondoka madarakani, mwanabalozi wa Kijapani aliyekuwa amefungiwa mle siku zote 126 alitoa ushuhuda kwamba aliwaona baadhi ya watekaji wakiwa hai mikononi mwa askari. Mwaka huo huo maiti za wapiganaji, zilizokuwa zimezikwa haraka haraka na kwa siri, zilifukuliwa na kuchunguzwa.

Fikirini juu ya mtu huyu. Alikuwa na sababu zote za kunyamaza. Waliokufa ndio waliomwibia miezi minne ya maisha yake, na waliodaiwa kuwaua ndio waliomtoa kifungoni. Angesema hakuona kitu, nani angemlaumu?

Shauri hilo lilifika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambayo makao yake yako San José, Costa Rica. Hukumu ilitolewa tarehe 17 Aprili 2015, miaka 18 baada ya tukio. Yafaa tuisome kwa makini, kwa sababu haikupendelea upande. Mahakama haikulaumu uamuzi wa kuwaokoa mateka kwa nguvu. Ilikuwa inachunguza vifo vya wapiganaji watatu. Kwa habari ya wawili, mwanamke na mwanamume, iliona kwamba haikuthibitishwa kuwa walikuwa wameacha kupigana. Mateka walikuwa bado wanaondolewa katika nyumba hiyo na hatari ilikuwa haijapita. Serikali haikupatikana na hatia ya kuwaua. Lakini kwa habari ya wa tatu, Eduardo Cruz Sánchez, ilithibitika kwamba alishikwa akiwa hai, akawa chini ya ulinzi wa askari, na baadaye akapatikana amekufa kwa risasi. Hapo Peru ilihukumiwa kuwa na hatia.

Mchana ule ule, askari wa jeshi lile lile. Yule aliyepigwa risasi ilhali angeweza kumgeukia mateka, aliuawa katika kazi ya kuokoa. Yule aliyepigwa risasi akiwa tayari ameshikwa, ameuawa tu. Wakati unaotenganisha vifo hivi viwili huenda ulikuwa dakika chache. Wako watakaosema kwamba mtu aliyetoka kupigana gizani hawezi kupima dakika. Ni kweli kwamba damu ikichemka dhamiri husikika kwa shida. Ndiyo sababu askari wa kazi hiyo hufunzwa kwa muda mrefu, na ndiyo sababu amri ya kamanda kabla ya kuingia ina uzito mkubwa. Kikosi kilichoambiwa "waleteni mateka" huingia na moyo mmoja, na kikosi kilichoambiwa "asitoke mtu" huingia na mwingine.

Liko jambo jingine la Lima linalotuhusu sisi wa Kanisa. Baadaye iliripotiwa magazetini kwamba vinasa sauti vilikuwa vimefichwa katika vitu vilivyoingizwa ndani ya nyumba, kama vile gitaa na chupa ya chai, na hata katika Biblia. Askofu Mkuu alikana kwamba alijua lolote. Sitaki kumhukumu mtu katika jambo hilo. Nasema tu kwamba msuluhishi hana silaha nyingine isipokuwa kuaminika kwake. Serikali ikiitumia kanzu ya padre au beji ya Msalaba Mwekundu kuwa pazia, yaweza kufaulu mara moja. Padre wa pili atakayebisha hodi mahali pengine na kikapu cha mikate atapekuliwa, au atapigwa risasi mlangoni. Kwa hiyo mmoja wenu akiitwa siku moja kuzungumza na mtu aliyejifungia, aulize kwanza anatumwa kufanya nini, na asitoe ahadi ambayo haiko katika uwezo wake.

Visa vingine viwili nitavipitia haraka. Huko Moscow, mwezi Oktoba 2002, wapiganaji wa Kichecheni wapatao 40 waliteka watu zaidi ya 800 ndani ya ukumbi wa michezo ya kuigiza. Vikosi vya serikali viliingiza gesi ya kulewesha, kisha vikaingia. Watekaji waliuawa, baadhi yao wakiwa wamekwisha kupoteza fahamu. Mateka wapatao 130 walikufa, wengi wao kwa sababu ya gesi hiyo. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kusema kwamba kutumia gesi kulikuwa kosa. Kosa ililoliona lilikuwa katika maandalizi ya uokoaji na matibabu. Nasi tukumbuke, basi, kwamba mpango wa kuokoa usio na daktari haujakamilika.

Kisa cha pili ni cha Manila, tarehe 23 Agosti 2010. Ofisa wa polisi aliyefukuzwa kazi aliteka basi la watalii kutoka Hong Kong, akidai arudishiwe kazi yake. Kwa saa nyingi alikuwa mtu wa kuzungumzika, na mateka kadhaa aliwaachilia. Lakini ndani ya basi kulikuwa na televisheni, na vituo vilikuwa vikirusha kila kitu moja kwa moja. Akamwona ndugu yake akikamatwa na polisi hapo nje. Akaanza kuua. Polisi wakahangaika kuvunja madirisha ya basi kwa nyundo mbele ya kamera. Watalii wanane walikufa, naye akapigwa risasi. Wanaotoa simu zao na kurusha picha pale askari wanapozunguka nyumba wayakumbuke hayo.

Sasa turudi nyumbani. Mtasema kwamba nasifu subira mno, na kwamba subira ndiyo iliyotuumiza. Nakubali. Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye silaha waliingia alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hawakuja kubadilishana mateka na kitu chochote. Waliwatenga Wakristo na kuwaua. Kikosi maalumu cha polisi, kile kiitwacho Recce, kilifika kutoka Nairobi saa nyingi baadaye, na kilipoingia shughuli ilimalizika kwa muda mfupi. Waliokufa walikuwa 148, wengi wao wanafunzi. Katika saa zile za kungoja, watoto walikuwa wakiandika ujumbe wa kuwaaga wazazi wao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamanda ni kutambua amekutana na mtu wa namna gani. Mwenye kudai kitu anahitaji mateka wake wawe hai. Kila saa inayopita anachoka, ananjaa, anaanza kuwaona walio mbele yake kuwa watu, na mazungumzo yana nafasi. Mwenye kuja kuua hana haja na saa, na kila dakika ya kumngojea hulipwa kwa damu ya wengine. Hapo kuchelewa kutumia nguvu ni kosa dhidi ya uhai, sawa na kule kuzitumia bila sababu. Katika Westgate, Septemba 2013, tuliona shida nyingine: polisi na jeshi waliingia bila kuelewana, na askari wa kikosi maalumu akauawa kwa risasi ya upande wake mwenyewe. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile. Hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2019, watu 21 walipoteza maisha, lakini vikosi viliingia mapema na mamia wakatolewa wakiwa hai. Yaonekana walijifunza. Tuwape haki yao kwa hilo.

Lakini mengi mtakayokutana nayo vijijini hayatafanana na Garissa wala Lima. Yatakuwa baba aliyejifungia na watoto wake akiwa na panga, baada ya ugomvi na mkewe, au kijana mgonjwa wa akili aliyemshika mamake na kudai kwamba anafuatwa. Hapo watu mia watajaa uani, nusu yao wakimtukana na nusu wakipiga picha, na mjomba fulani atataka kupenya hadi dirishani amkemee. Kiongozi wa jumuiya afanye nini? Awaondoe watu. Amtafute anayemfahamu mtu huyo vizuri, ampeleke kwa mkuu wa polisi aeleze: ana silaha gani, amelala lini mara ya mwisho, anatumia dawa gani, ni jina la nani likitajwa hukasirika na la nani likitajwa hutulia. Habari hizo zaweza kuokoa watu wengi kuliko bunduki. Mjomba abaki nyuma. Yule ndugu wa Manila alikuwa naye na hamu ya kusaidia.

Na baada ya mambo kwisha, kama kuna aliyeuawa, tusiogope kuuliza. Alipigwa wapi, akiwa na nini mkononi, na baada ya kuanguka alipelekwa hospitali au aliachwa chini? Aliyeona aandike aliyoyaona siku hiyo hiyo, wakati kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya sokoni, na awe tayari kuyapeleka IPOA. Kuuliza si kumhukumu askari. Askari aliyetenda sawasawa atalindwa na uchunguzi wa kweli kuliko na kunyamaza kwetu. Na huyo huyo askari, ambaye amemwua mtu ili mtoto aishi, ni mwamini wa parokia fulani, hulala vibaya, nani kati yetu amewahi kumtembelea?

Katekista mmoja aliniuliza asubuhi kama wazee wa jumuiya waende kumzika mtekaji aliyeuawa. Watu wa kijiji hawataki, alisema, na mama wa marehemu analia peke yake nyumbani. Nilimjibu aende, akae na huyo mama, na awaombe wazee wawili tu waje naye, wasiwe wengi. Kule Lima jamaa za wale 14 walinyimwa hata nafasi ya kuwaosha wafu wao.

Tutagawanyika sasa katika makundi matano. Kila kundi lichukue kisa kimoja kati ya hivi: Lima, Moscow, Manila, Garissa, na kile cha baba mwenye panga. Kabla ya kujadili jambo lingine lolote, lijibu swali la yule nyanya. Chai itakuwa tayari saa tano.